Kikohozi Matangani

Siku ya pili ya matanga ya Mzee Izidori, pale Mpepai, marehemu alikohoa chumbani.

Waombolezaji wakacheka. Walijua ni Xaveri, mtani wa ukoo, ambaye desturi ilimpa ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Jana yake alijilaza kaburini kabla ya jeneza, akadai pombe ndipo atoke. Asubuhi alivaa koti la jeshi ambalo marehemu alirudi nalo kutoka Burma, akakohoa kama yeye, akamwita mjane: "Ephrasia, mke wangu, uji umepoa!" Ephrasia alicheka mpaka akalia upya.

Lakini kikohozi hiki kilipotoka, Xaveri alikuwa uani, mdomo umejaa ugali.

Alimeza kwa shida. "Siyo mimi."

"Ila nani?" Kiliani, mdogo wa marehemu, alimpiga begani. "Mtani, leo umezidi!"

"Shemeji, naapa kwa Bikira Maria."

"Jana uliapa hivyo hivyo kwamba maiti amekufinya!"

Wakacheka tena. Harufu ya matope na samaki wabichi ikapita mlangoni, ingawa Ziwa Nyasa lilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka pale. Xaveri akamkumbuka Bakili mwenye duka, mtu wa pwani, aliyemwonya asubuhi ile: "Usiigize sauti ya maiti, ndugu yangu. Kuna majini huisikia, wakaivaa." Naye alimjibu kwa kumkoholea usoni.

"Otilia," sauti ya marehemu iliita kutoka chumbani, taratibu. "Mwanangu, niletee maji."

Otilia, binti pekee wa marehemu, akachukua kibuyu cha maji huku akitabasamu. Xaveri akamkimbilia mlangoni.

"Usiingie! Nitazame mdomo. Mimi niko hapa!"

"Mtani, niache nimpe baba maji," alisema, akainama, akapita chini ya mkono wake.

Xaveri akamfuata, na chumba kile kisicho na dirisha wala mlango wa pili kilikuwa kitupu, mkeka umelowa, kibuyu kimekauka kama hakijawahi kutiwa maji, na nje watu walikuwa bado wanacheka, wakimwambia amtoe binti, mchezo umekwisha, mpaka kicheko kikapungua mtu mmoja mmoja, na Kiliani akaingia, akainua mkeka, akapapasa kuta zote nne, kisha akamgeukia.

"Umemficha wapi?"

"Amechukuliwa," Xaveri alinong'ona. "Twendeni kwa Bakili, anajua dua. Twendeni sasa hivi, bado hajafika mbali."

"Xaveri, nakuuliza kwa upole. Umemficha wapi?"

Ndipo, ndani ya ukuta, chini chini, sauti ya Otilia ikasema, "Mama, nivute."

Watu waliojaa mlangoni hawakuutazama ukuta. Walimtazama Xaveri mdomoni. Ephrasia akampiga kofi.

"Usimwigize mwanangu!"

"Mama," sauti iliita tena, mbali zaidi.

Kiliani akamziba Xaveri mdomo kwa viganja viwili, akakaza. Wote wakasikiliza. Ukuta ukawa kimya.

"Mnaona?" alisema Kiliani.