Nilimwita Mchumba Wangu Mwizi wa Chipu

Nina umri wa miaka thelathini na miwili na sijaolewa. Majirani hapa mtaani Satellite hudhani ninaringa. Leo nawaeleza ukweli, wasomaji wenzangu.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nikiunda mashine za kuangulia mayai pamoja na mchumba wangu Mutiso, fundi kutoka mtaa wa Jamhuri. Mimi niliandika programu, yeye akachomelea chipu na nyaya. Kila mashine ilikuwa na chipu ndogo ya kumbukumbu, ili stima ikipotea na kurudi, ijue mayai yamefika siku ya ngapi. Siku ya kumi na nane inatakiwa iache kuyageuza.

Chipu nilizichagua mwenyewe, dukani kwa Salim karibu na River Road. Alinionya, "Dada, hii ukiiandikia mara laki moja hivi, inachoka. Chukua ile nyingine, hiyo haichoki upesi."

Ile nyingine ilikuwa ghali. Nikajiambia, huyu anatafuta faida tu... Programu yangu iliandika kila dakika, mahali palepale. Sikupiga hesabu.

Mashine ya kwanza ilichukuliwa na Mama Nyokabi, mwalimu mstaafu wa Dagoretti Corner. Mara tatu vifaranga walitoka vizuri. Mara ya nne, stima ilipotea siku ya kumi na tisa. Iliporudi, mashine ilidhani ni siku ya sita, ikaendelea kuyageuza mayai. Vifaranga wakafia ndani.

Mama alinipasulia yai moja. "Mwanangu, nilikuamini," akasema.

Je, nilijiuliza nimekosea wapi? Hapana. Nilimshuku Mutiso. Tangu siku hiyo alikuwa akitoka nje kila simu yake ikilia. Nikimuuliza ni nani, ananijibu ni mambo ya kazi. Kazi gani ya kufichwa? Nikawaza anauza chipu zangu mpya na kuweka kuukuu zilizobanduliwa kwenye redio mbovu. Nikaanza kukagua kazi yake kwa lenzi. Nikaanza kunusa hata shati lake...

Siku moja alipotoka kununua maziwa, nilipekua mkoba wake. Nikakuta pakiti ya chipu mpya.

Nilimwita mwizi mbele ya dada yake. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Wairimu, umemaliza?" Kisha akaondoka.

Nilipeleka pakiti ile kwa Salim, nikitafuta ushahidi wa kumpeleka polisi. Salim aliigeuza mkononi.

"Hizi si zako, dada. Hizi ni zile nzuri. Mutiso amekuwa akinipigia simu kila siku nimtafutie, azijaribu kwanza. Alisema nisikuambie mpaka ahakikishe, maana wewe huambiliki."

Nilipiga hesabu pale kaunta. Kwa kuandika kila dakika, laki moja huisha kwa siku sabini hivi: mara tatu za siku ishirini na moja, kisha siku ya sita ya mara ile ya nne. Niliiua chipu kwa programu yangu mwenyewe.

Mashine ya Mama Nyokabi niliitia chipu ile nzuri, na hadi leo inaangua. Mutiso nilimpigia simu nikalia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema amenisamehe, ila hawezi kuishi na mtu wa kumpekua. Mwaka jana alioa.

Ndugu zangu mnaounda vifaa, kabla ya kununua chipu someni inavumilia kuandikiwa mara ngapi, na mhesabu. Na kazi ikiharibika, nawasihi, anzeni kukagua sehemu mliyoifanya ninyi. Mimi nilianza na ya mwenzangu, na sasa nachomelea peke yangu.