Kufuli la Jedwali

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chapuchapu alipitia chumba cha nesi wa shule kuingiza wanafunzi wapya kwenye jedwali la kompyuta. Wenzake wa darasa la sita walimpa jina hilo kwa haraka zake. Jedwali lilionyesha kila mtoto na dawa inayomdhuru, na walimu wote waliweza kulisoma. Kulifungua ili kulibadilisha kulihitaji nywila, ambayo nesi alimpa yeye tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: fungua, andika, bonyeza kitufe cha makro, programu fupi inayopanga majina pamoja na dawa zake, kisha funga tena kwa nywila. Siku hiyo kengele ililia kabla hajafunga.

“Nitafunga mchana,” alijiambia, huyo akatimua mbio.

Saa nne mwalimu wa michezo alilitazama akitafuta wachezaji. Bila kujua, akapanga upya safu ya majina tu. Majina yakahama, dawa zikabaki palepale, kila moja mbele ya mtoto mwingine.

Mchana mtoto wa darasa la kwanza aliletwa ana homa. Nesi alitazama jedwali, akampa kidonge. Punde uso wa mtoto ukavimba, pumzi zikawa za shida, akakimbizwa hospitali.

Jioni Chapuchapu alimkuta nesi ameketi peke yake, miwani mkononi.

“Macho yangu yamezeeka, mwanangu,” alisema nesi. “Nimesoma vibaya. Kesho naacha kazi.”

Chapuchapu alitazama skrini: kufuli wazi, majina yamehama. Moyo ulimwuma. Angenyamaza, nani angejua? Machozi yalimtangulia.

“Hukukosea, Nesi. Mimi sikufunga.”

Nesi alivaa miwani, akalisoma jedwali upya. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kesho yake mwalimu wa kompyuta alirudisha nakala ya juzi, wakahakiki jina moja moja. Kisha akaiandika makro upya: ikibonyezwa inafungua jedwali, inapanga, inafunga yenyewe.

“Sasa hata nikisahau kufunga, hakuna shida?” aliuliza Chapuchapu.

“Usiitegemee hiyo,” alijibu nesi. “Kazi haijaisha mpaka umefunga. Kufuli lile linamlinda mtoto mdogo asiyeweza kutuambia ni dawa gani inamdhuru.”

Mtoto alirudi baada ya siku tisa, amekonda, ameshika sketi ya mama yake. Chapuchapu alitafuta jina lake, akasoma dawa iliyoandikwa mbele yake, akasoma tena. Kisha, kupima kufuli, akajaribu kuifuta. Jedwali likakataa.