Kishikio Kikubwa cha Fundi Itakaa

Mlango wa karakana ile ulikuwa na tabia mbaya. Ukiuachia, unajifunga kwa kishindo. Kwa hiyo kila asubuhi, mke wa fundi alipofungua, alisukuma kwa mguu sahani nzito ya chuma mpaka chini ya mlango. Sahani ile ilikuja pamoja na mashine. Ilikuwa na matundu marefu, na katikati ilikuwa na shimo lenye hesi, yaani mikunjo ya kusokotea, kama nati kubwa. Hakuna aliyejua ilikuwa ya nini. Kwao ilikuwa ya kuzuia mlango.

Mlango ukishatulia, mama huyo alifagia vumbi la chuma. Alipaka mafuta reli za mashine. Mumewe aliingia akiwa bado anatafuna, akawasha mota, na kazi ikaanza. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukereza chuma. Ilizungusha kipande cha chuma, na kisu kikali kikakichonga mpaka kikawa shafti, yaani mhimili, au bushi, pete yake. Kwa mashine hiyo walijenga vyumba vyao na kusomesha watoto.

Wateja walimwita mumewe Fundi Itakaa. Mtu akileta nati ya mashine moja na bolti ya mashine nyingine, fundi alizigeuzageuza, akacheka, akasema, "Itakaa tu." Alisugua, akagonga, akasugua tena, na kweli ikakaa.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "wewe ungeweza kuozesha sufuria na mlango."

Raha hiyo ilikwisha. Sasa fundi alishinda chumba cha nyuma, amelala, uso kwenye ukuta. Mkono wake wa kulia ulipona kwa nje tu. Vidole havikufumba. Mashine ilifunikwa turubai. Mkewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuichukua.

Alijua kosa lilianzia wapi. Lilianzia kwake.

Kila mashine ya kukereza ina kishikio. Ni duara zito la chuma lenye meno matatu. Meno hayo ndiyo yanayoshika kazi, yaani chuma kinachochongwa, isiponyoke inapozungushwa. Kishikio chao cha zamani kilichakaa, meno yakalegea, kazi zikawa zinapinda. Yeye mama ndiye aliyekwenda soko la vyuma kutafuta kingine. Alivikuta vingi vimepangwa chini. Alichagua kikubwa kuliko vyote, kinachong'aa. Aliona fahari kukibeba begani mpaka nyumbani.

Fundi alikifurahia. Lakini shimo la kishikio lilikuwa pana kidogo kuliko shafti ya mashine, na hesi zake hazikulingana. Kilicheza.

"Itakaa tu," fundi alisema. "Nikatie kipande cha bati."

Mama akakata bati kwa mkasi wa jikoni. Fundi akalizungushia kwenye shafti, akakisokota kishikio juu yake, kikagoma, akakipiga nyundo. Kikakaza. Kilishika vizuri asubuhi nzima. Kisha fundi akazima mota ghafla ili apime kazi. Mashine ilisimama. Kishikio hakikusimama. Kiliendelea kuzunguka kwa uzito wake, kikajifungua, kikaruka. Fundi alinyoosha mkono wa kulia kukizuia, kama mtu anavyozuia sahani isianguke mezani, kikauponda.

Tangu hapo hawakuzungumza habari za bati lile. Yeye aliogopa kuanza.

"Hodi," sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao, mwalimu wa ufundi katika chuo cha vijana. Wanafunzi wake walimwita Milimita, kwa sababu hakukubali kazi kwa kuitazama. Alikubali kwa kuipima. Alikuwa ameleta shafti ya pampu yake ya maji kabla ya ajali.

"Karibu, mwalimu," mama alisema bila kuinuka. "Shafti yako ile pale. Haijaguswa. Tafuta fundi mwingine."

"Sikufuata shafti, dada. Shemeji anaendeleaje?"

"Anakula nikimlisha. Nisipomlisha hali."

"Na wewe?"

Mama alitaka kusema hajambo. Akaacha. "Mimi nimechoka, mwalimu," alisema. "Leo tunauza mashine. Amesema iondoke kabla haijamuua mtu. Na mimi naiogopa. Nikiipita nashika ukuta."

Milimita hakumwambia ajikaze. Alivuta kigoda akakaa karibu naye.

Mnunuzi alifika na mkokoteni. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alifunua turubai, akaigonga mashine kwa ngumi, akakitazama kishikio kikubwa kilichokuwa sakafuni palepale kilipoangukia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukigusa.

"Hiki nacho nachukua," alisema. Halafu akainama mlangoni. "Na hii sahani? Naona ni chuma kizito."

Aliiinua. Mlango ukajifunga kwa kishindo kikubwa.

Kutoka chumba cha nyuma fundi alipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa hasira. Ulikuwa wa mtu mzima aliyeogopa kama mtoto. Mkewe alikimbia akamkuta ameketi kitandani, ameukumbatia mkono wake, jasho linamtoka.

"Ni mlango," alimwambia. "Ni mlango tu, baba watoto."

Fundi alimtazama, akalala tena, akageukia ukuta. Mama alisimama pale hajui afanye nini. Aliona kwamba wataishi hivi. Mashine itaondoka, na hofu itabaki humu ndani.

Aliporudi karakana, Milimita alikuwa ameishika sahani ya mlangoni. Mnunuzi alikuwa amenuna.

"Dada, njoo uone," Milimita alisema. Aliifuta shafti ya mashine kwa kitambaa. Hesi za mwanzo zilikuwa na makovu ya nyundo. Alizisafisha kwa brashi ya waya na tupa ndogo, taratibu. Akatia tone la mafuta. Kisha akaisogeza sahani kwenye shafti na kuizungusha kwa mkono.

Iliingia. Ilizunguka bila kugoma, bila kucheza, mpaka ikagusa bega la shafti na kutulia kabisa.

Mama aliitazama. Sahani aliyoipiga teke kila asubuhi.

"Hii ilitengenezwa kwa mashine hii," Milimita alisema. "Hesi zao ni moja. Kile kikubwa hakikuwa cha hapa. Nani aliona hesi zake?"

"Mimi niliona ukubwa. Nilidhani kikubwa ndicho imara."

"Wengi hudhani hivyo. Kikubwa ni kizito, na mashine ndogo haikimudu. Ukizima, chenyewe bado kinakwenda. Na kama hesi si za ukubwa mmoja, bati haliwezi kuzifanya ziwe za ukubwa mmoja. Kishikio lazima kiingie kwa mkono hadi mwisho. Kikitaka nyundo, si chako. Kikitaka bati, si chako."

Mama alikaa tena juu ya ndoo. Machozi yalimtoka bila sauti. "Bati nilikata mimi," alisema.

Mnunuzi alikohoa. Aliuliza kama mashine inauzwa au haiuzwi, maana jua halimsubiri mtu.

"Haiuzwi," mama alisema. Hakuwa jasiri. Aliogopa tu nyumba isiyo na kazi kuliko alivyoiogopa mashine.

Alikwenda kumwomba mumewe ruhusa ya kuuza baiskeli yake ili wanunue kishikio kinachofaa. Mkono ule haungeweza kubana breki tena, na wote wawili walijua.

"Uza," fundi aliuambia ukuta. "Uza kila kitu."

Safari hii mama na Milimita walikwenda dukani na vipimo. Kwanza walipima nafasi kutoka katikati ya shafti hadi kwenye reli, ili kishikio na meno yake yakifunguliwa visiguse kitu. Walipima upana wa sahani. Dukani Milimita alionyesha kishikio kidogo, chepesi kiasi, chenye mgongo bapa uliobonyea kidogo.

"Hakina hesi," mama alisema kwa wasiwasi.

"Hakihitaji. Hesi ziko kwenye sahani yako. Tutakifunga kwenye sahani kwa bolti, na sahani itaingia kwenye mashine. Soma hapa. Wameandika mwendo wake wa juu. Usiuzidi hata mara moja."

Mama aliligeuza duara lile mikononi. Lilionekana dogo, kama la kuchezea. Alilinunua huku moyo unamwambia amekosea tena.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa ngumu. Uso wa sahani ulipaswa kukerezwa uwe na kidaraja cha duara kilichoinuka kidogo, kinachoingia sawasawa katika ubonyeo wa kishikio. Kikiwa kinene hakitaingia. Kikiwa chembamba kishikio kitayumba, na sahani ilikuwa moja tu.

"Nani atakereza?" mama aliuliza.

"Wewe. Miaka yote umesimama kando yake. Mikono yako inajua."

"Kereza wewe, mwalimu."

"Mimi siishi na mashine hii. Wewe unaishi nayo."

Mama alifunga kitambaa kichwani, akavaa miwani ya kazi, akakunja mikono ya gauni. Milimita alimsimamisha pembeni, mbali na mstari wa kitu kinachoweza kuruka. Walianza kwa mwendo wa chini kabisa. Mota ilipoguruma, alirudi nyuma hatua moja, kisha akasogea tena. Kisu kikagusa chuma. Nyuzi nyembamba za chuma zikaanza kudondoka.

Alikata, akazima, akasubiri isimame yenyewe, akapima. Alikata tena. Bado kidogo. Alijaribu kishikio, hakikuingia. Akakata tena. Bado hakikuingia. Jasho lilimwingia machoni. Alichoka kwa namna ambayo si ya mwili. Akaitazama nyundo ya mumewe ukutani.

"Imebaki kama unywele," alimwambia Milimita. "Nikigonga kidogo itakaa tu."

"Usigonge."

Sauti haikuwa ya Milimita. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, shati wazi, ndevu zimemea ovyo. Hakuingia. Alishikilia fremu ya mlango kwa mkono wake wa kushoto, kana kwamba karakana ilikuwa mto wenye maji mengi.

"Usiseme itakaa," alisema. "Pima tena."

Mama alipima tena. Akakata mara moja, wembamba wa karatasi. Akazima. Akasubiri. Kisha akakisogeza kishikio kwa vidole. Kiliingia kwa kusukumwa na kiganja, kikalala bapa kwenye sahani.

Walitoboa matundu, wakafunga bolti, wakizikaza kidogokidogo kwa zamu ili kishikio kisilale upande. Waliweka ubao juu ya reli chini ya kishikio, kikidondoka kisibane vidole. Milimita alibandika saa ya kupimia kuyumba, yenye mshale, akazungusha kwa mkono. Mshale ulitikisika kidogo, ukarudi.

"Sasa tega sikio, dada. Ufunguo wa kufungulia meno ya kishikio usiuache humo kamwe. Ukitoa mkono, toa na ufunguo. Usizime mota ghafla, wala usiizungushe kinyume. Kitajifungua kama kile. Na kila siku kabla ya kuwasha, kizungushe kwa mkono."

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya pampu ya Milimita. Ilitoka imenyooka. Baadaye zikaja bushi, zikaja pini, wateja wakarudi mmoja mmoja. Mama alikereza. Fundi alikaa kwenye ndoo na kupima, kipimo kikiwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliulaza mapajani. Haukupona. Zipo asubuhi ambazo hakuinuka kitandani, na mkewe alifungua karakana peke yake.

Jioni moja alimwona akiutazama mkono ule, akaona asiponena sasa hatanena tena.

"Nisamehe kwa lile bati."

"Bati ulikata wewe," fundi alisema. "Nyundo nilipiga mimi. Tusigombanie."

Mlango ulibaki na tabia yake mbaya, na sahani yake sasa ilikuwa kazini. Mnunuzi wa vyuma alipopita tena kuulizia kile kishikio kikubwa, mama alimwambia akichukue haraka. Fundi akakataa. Alikisukuma kwa mguu, pole pole, mpaka chini ya mlango.

"Kikae hapa nikione," alisema.

Wateja hukiruka wanapoingia. Bado wanamwita Fundi Itakaa, naye huitika. Siku hizi mtu akimwekea nati na bolti mezani na kumwuliza kama itakaa, fundi hukitazama kwanza kishikio pale mlangoni.

"Sijui," husema. "Mama watoto, lete kipimo."