Nakala Thelathini za Marehemu Mkufunzi

Vitabu vilikuwa vikavu, lakini vilinuka kama nywele zilizoungua. Mama mwenye duka aliligundua hilo Jumatatu, saa nne asubuhi, alipokuwa akivipanga rafuni: vitabu sita vya mafunzo ya ufundi umeme, alivyovinunua kwa mjane wa mkufunzi aliyeviandika.

"Kuviuza tena ni haki yako, mwanangu, maana umevinunua," mjane alikuwa amemwambia. "Kuvitoa kopi ni haki ya marehemu mwenyewe, na hakumrithisha mtu. Hata mimi."

Mume wa mwenye duka alicheka aliposimuliwa. "Marehemu atanishtaki mahakama gani?" Akakata gundi ya kitabu kimoja kwa wembe, akaingia nyuma ya pazia kwenye mashine ya fotokopi. Kufikia adhuhuri nakala thelathini zilikuwa tayari.

Ndipo mwenye duka aliposikia kikohozi cha mumewe nyuma ya pazia. Kisha kikohozi hicho hicho tena, kwa urefu ule ule, kwa mkwaruzo ule ule.

"Mke wangu, niletee karatasi," sauti ikaita.

Alikuwa amekwisha kuinuka na bunda mkononi wakati mumewe alipoingia kwa mlango wa barabarani, akifuta jasho, chupa ya wino kwapani.

"Mbona umenikodolea macho?"

"Nani yuko humo ndani?" akanong'ona.

"Nani tena? Mimi nimetoka nusu saa iliyopita kutafuta wino."

Wakafunua pazia: hapakuwa na mtu, ila mashine tu. Alasiri wakamwita mganga, naye hakukubali kuketi. "Umemnakili asiyetaka, naye amekunakili," alimwambia mume. "Chomeni zote. Atakayebaki ndiye wako, mama."

Walizichoma uani, moja baada ya nyingine, mganga akihesabu hadi thelathini, na harufu ile ikatoweka pamoja na moshi, na mumewe akarudi ndani akaketi karibu na rafu, akimwangalia kwa macho ambayo mkewe, kwa sababu asiyoweza kuieleza, hakuyaamini.

"Usiku wa ndoa yetu," mke alimuuliza polepole, "uliniomba nini?"

"Unisamehe nikikoroma."

Lilikuwa jibu sahihi. Mwenye duka alishusha pumzi, akamshika mkono; na hapo hapo, nyuma ya pazia, ndani ya mashine iliyokuwa imezimwa na kuchomolewa waya, mwanamume akaanza kulia kwa sauti ya chini:

"Mke wangu, usimshike. Hilo nilikuomba mimi."