Usinitaje Hewani

Treni ilikwisha kuanza kutambaa msichana mmoja alipoingia steshenini mbio, suti ya mteja ikimpepea mkononi kama mtu mzima anayeburutwa na mtoto. Mwenye suti, mwanasheria mmoja mwenye kitambi na haraka, alikuwa behewa la mbele kabisa. Alikuwa ametoa kichwa na mkono dirishani, anapiga kelele: "Binti! Suti yangu! Kesho naozesha!"

Huyo binti watu walimwita Dada Pasi. Alivaa gauni la kazini la kijani, kandambili miguuni, na kitambaa cha kichwa kilichokwisha kuteleza hadi sikioni. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi la shangazi yake, na katika ukoo ule kumcheleweshea mtu nguo yake ni aibu isiyosemeka mbele ya wageni. Basi akakimbia. Waliokuja kusindikiza ndugu zao wakampisha, wengine wakamshangilia kama yuko uwanjani.

Behewa la mbele likamwacha, na la katikati nalo likamwacha. Kwenye mlango wa la mwisho alikuwa amesimama mwanamume mrefu, shati la buluu limefunguliwa kifungo cha juu, anacheka.

"Lete huku, dada! Lete!"

"Ni ya mtu wa behewa la mbele!"

"Nitamfikishia! Nirushie!"

"Nguo hairushwi! Shika chuma cha kutundikia, usishike bega! Na usiikunje!"

"Siikunji, mama!"

Akaitwaa. Treni ikakata kona, Dada Pasi akabaki ameinama, mikono magotini, anahema. Ndipo akili ikamrudia: amempa mtu asiyemjua suti ya mtu anayemjua sana.

Jioni simu ya dukani ikalia. Namba ya duka ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobanwa kwenye mfuko wa suti.

"Halo, hapo ni kwa dobi? Mzigo umefika. Mwenyewe ameukagua mpaka mshono wa ndani, hakuna mkunjo hata mmoja. Mwenye mkunjo ni mimi, tangu nilipomwona mtu anakimbia vile."

Dada Pasi hakujibu. Sauti ile aliijua. Mji mzima uliijua. Ndiyo iliyowaamsha watu kila asubuhi redioni, nzito na laini kwa pamoja, na kwa ajili yake watu walimwita mwenye sauti Kinanda, jina lile lile la kipindi chake.

"Umenyamaza? Dada, mimi ukinyamaza nakufa. Kazi yangu haina kunyamaza."

"Basi ongea peke yako, umezoea," akamwambia, na kicheko kikamtoka.

Kuanzia hapo Kinanda akawa mteja. Alileta mashati, akayafuata, akaleta mengine. Siku moja shangazi mtu akalinusa shati moja, akaligeuza kola, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Bwana, hili nimelifua juzi. Hata mlangoni halijatoka. Ukitaka kumwona mtoto wangu sema unataka kumwona, usinimalizie sabuni."

"Shangazi, nataka kumwona."

"Haya, mwone. Mwenyewe yule nyuma ya mvuke."

Penzi likaota mizizi kwenye ile meza ya pasi. Yeye ananyoosha, Kinanda amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasimulia. Huyo mtu alikuwa na maneno! Lakini Dada Pasi alimpendea jambo lingine ambalo wasikilizaji hawakulijua. Nje ya studio, Kinanda alikuwa mwoga. Kabla ya kuingia kazini mikono ilimtetemeka, kwa hofu kwamba siku moja taa nyekundu ya hewani itawaka na yeye hatakuwa na la kusema.

"Wewe, laazizi, unaogopa nini?" alimuuliza siku moja, mvua inanyesha, duka halina mtu.

Dada Pasi aliisahau pasi mpaka ikaanza kutoa moshi, akaiinua. Kisha akamweleza jambo ambalo hata shangazi alilijua nusunusu. Tangu mwaka aliofiwa na mama yake, kuna kitu humjia. Huja popote, benki au sokoni, bila hodi. Moyo hukimbia, pumzi hukatika, miguu huwa maji, na huona waziwazi kwamba anakufa pale pale mbele za watu.

"Sasa unafanyaje?"

"Nashika nguo. Yoyote iliyo karibu, hata ya mtu mwingine. Nafumba macho, naisikiliza kwa vidole, naitaja. Pamba. Kitani. Sufu. Hariri. Polepole, moja moja, na pumzi. Nikifika kwenye mahameli nimerudi."

"Nifundishe."

Akamfundisha. Alimfumba macho kwa kiganja chake mwenyewe, akampitisha vidole juu ya nguo za watu zilizotundikwa pale, mpaka mikono ya Kinanda ikaacha kutetemeka. "Hili ni langu," akamwambia. "Sijawahi kumpa mtu."

"Nimelipokea, kipenzi. Limefika."

Miezi ikapita, mambo shwari.

Asubuhi moja redio ya dukani ilikuwa imewashwa kama kawaida. Povu, mwanamke anayefua, ambaye mdomo wake ulichapa kazi kuliko mikono, alikuwa anaimba na matangazo. Mgeni wa kipindi hakutokea. Kinanda akachekacheka kidogo, akapitisha salamu, akapitisha nyingine, na Dada Pasi akasikia jinsi anavyokwisha maneno. Alimwonea huruma. Akanong'ona peke yake: shika nguo, mpenzi.

Na Kinanda akaishika.

"Wasikilizaji wangu, kuna dada mmoja mpiga pasi. Huyu dada hofu ikimpanda, mnajua anafanyaje? Hata kwenye foleni ya benki! Anafumba macho, anamshika mtu wa mbele shati, anasema: paaamba… kitaaani…"

Povu akacheka hadi povu likamwingia puani. "Jamani! Huyo si kichaa? Mimi angenishika blauzi tungefika polisi!" Kisha akainua macho, akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka mdomoni.

Simu zikamiminika redioni. Huyu naye anamshika mumewe fulana, yule anashika pazia. Kufikia saa ya habari lilikwisha kuwa mchezo na lina jina: Shika Nguo.

Mchana Kinanda akampigia Dada Pasi.

"Umenisikia?" Kinanda alijawa na furaha. "Mpenzi, bosi wa vipindi amesimama akapiga makofi! Kampuni ya sabuni inataka kuudhamini!"

"Umenitaja."

"Sikukutaja jina."

"Mpiga pasi mmoja. Mji huu wanaoujua uso wako wamekuona unaingia kwa dobi gani? Nilikwambia ni langu."

Kinanda akashusha sauti: "Niliishiwa. Taa ilikuwa inawaka, sikuwa na kitu. Mkono ukagusa hilo. Nisamehe. Halitajirudia, naapa."

Alimwamini, kwa sababu kuishiwa kule alikusikia kwa masikio yake.

Asubuhi iliyofuata mchezo ulirudi, safari hii na muziki wake, kinubi kidogo kinachopanda, halafu sauti ya kike inayotetemeka kwa dhihaka: "Paaamba…" Watoto wa shule wakaanza kupita dukani wakigusana sare. Wateja waume kwa wake waliuliza: "Eti ndiye huyu?" Shangazi akamfukuza mmoja na ndoo ya maji mkononi. Dada Pasi hakulia, alinyoosha tu nguo. Usaliti wa mtu anayekupenda haukupi hata nafasi ya kukasirika vizuri. Ukitaka kumchukia unakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka.

Kilichomuumiza zaidi kilimngoja kwenye jengo moja la ofisi, alipokwenda kupeleka mashati. Lifti ilijaa. Katikati ya ghorofa ikasitasita, na mtu mmoja nyuma akafanya utani: "Shikeni nguo, jamani!" Wote wakacheka. Kile kitu kikamjia. Mlango ulipofunguka alijitoa kwa mabega, akaingia kwenye ngazi, akakamata shati la juu ya mzigo wake, akafumba macho.

Pamba, akasema. Kikapanda kinubi. Kitani. Ikaja ile sauti ya dhihaka na vicheko vya watu wa benki, wa sokoni, wa mji mzima. Dawa yake ilikwisha kugeuzwa tangazo la sabuni. Hakuwa na nyingine.

Akakaa kwenye ngazi, mashati mapajani. "Njoo basi," akaiambia ile hofu, amechoka. "Kama ni kufa, nife nimekaa."

Ikaja, yote. Hakuizuia na hakushika kitu. Moyo ulipiga akausikiliza unapiga. Jasho lilitoka akaliacha litoke. Ikapanda mpaka ikakosa pa kupanda. Ikasimama. Halafu ikaanza kushuka, yenyewe, bila kuitiwa jina la kitambaa chochote.

"Mama, unaumwa?" Alikuwa mfagiaji na deki yake.

"Hapana. Napumzika."

"Basi inua miguu, nipitishe deki."

Akainua miguu. Alipoirudisha chini ilikuwa miguu ya kawaida, yenye kandambili.

Jioni Kinanda alikuja dukani, macho mekundu. Shangazi alitaka kumfungia mlango, Dada Pasi akamzuia. Safari hii hakumpa ndoo ya kukalia.

"Wamenibana, mpenzi. Nikikataa mchezo wanampa mwingine kipindi. Lakini nimekwenda kwa bosi leo. Nimemwambia mwisho. Mchezo umefutwa."

"Kweli?"

"Haki ya mama yangu. Nirudie. Nakosa usingizi. Mashati yangu yote yamekunjamana, nakwenda kazini kama nimetoka kulala kwenye mtaro."

Akatabasamu bila kupenda. Huyo mtu alimjua pa kumtekenya.

"Nakupenda," akamwambia. "Hilo sikufichi. Na hofu yangu siiogopi tena kama zamani, kwa hiyo siji kwako kwa kuogopa kubaki peke yangu. Sikiliza. Nina jambo moja tu. Usinitaje hewani. Si kwa jina, si kwa kazi, si kwa fumbo. Hata radhi usiniombe huko. Ukitaka kuniambia kitu, njia unaijua, ni hii uliyokuja nayo."

"Nimekuelewa."

"Rudia."

"Nisikutaje hewani. Hata kwa radhi." Akamshika kiganja, akakibusu palipo na alama ya moto wa pasi. "Wewe ni askari, lakini nimekuelewa."

Wakapatana. Siku zikaenda vizuri, redio ikizungumzia mambo ya watu wengine. Povu akarudia kuimba. Dada Pasi akashona gauni jipya la njano, akalitundika nyuma ya mlango akingoja siku ya kulivalia, na siku hiyo moyoni aliijua ni ipi.

Kisha ikaja asubuhi ya kipindi kutimiza mwaka. Duka lilijaa. Redioni Kinanda akasafisha koo, muziki ukashushwa taratibu.

"Leo nataka kufanya jambo ambalo mwanamume huona haya kulifanya mbele za watu. Yule dada mpiga pasi mliyemcheka, ndiye mwanamke ninayempenda. Nilimkosea hewani, ni haki nimwombe radhi hewani. Na nimwombe jambo jingine."

"Yesu wangu! Allah! Wote mnisaidie!" Povu akaketi kwenye kapu la nguo chafu. Mteja mmoja akaanza kutokwa na machozi. Simu ya duka ikalia, na papo hapo ikasikika inalia ndani ya redio pia, mlio juu ya mlio.

Kila jicho likamgeukia. Ile hofu ikamjia, akaiona inakuja, akaipisha. Akapunguza redio, akainua simu.

"Mpenzi wangu," ilisema sauti, nzito na laini. "Utakubali kuolewa na mimi?"

"Zima kwanza kipaza sauti, ndipo tuongee."

"Kipenzi, tuko hewani. Nchi nzima inasubiri jibu."

"Ndiyo maana nasema zima."

Alisubiri. Alimpa nafasi, kwa kweli alimpa. Alisikia pumzi yake, akasikia kinubi kikianza kupandishwa nyuma kuficha ukimya. Taa nyekundu haikuzimwa. Akaweka simu chini taratibu, kama mtu anayeweka pasi ya moto.

"Mwanangu," shangazi akasema, "lakini si amekuomba radhi? Watu wote wamesikia."

"Wao wamesikia, shangazi. Aliyetakiwa kunisikia mimi ni yeye."

Baada ya kipindi Kinanda alipiga tena, sauti imepasuka. "Nilidhani utafurahi."

"Ulidhani watafurahi. Na wamefurahi. Hongera."

"Unaniacha kwa sababu nimekuposa?"

"Nakuacha kwa sababu nilikuomba kitu kimoja, ukakirudia kwa mdomo wako, ukaenda ukakiuza. Wewe si mtu mbaya. Ila mimi kwako sitapata pa kukaa kimya, na mimi bila pa kukaa kimya siishi."

"Naogopa," Kinanda akasema.

"Najua, baba. Kaa nayo. Itapita."

Akalia alipokata, akalia sana, shangazi akiwa amemshika mgongo. Kisha akaosha uso, kwani nguo za watu zilikuwa zinangoja.

Kinanda alipewa kipindi kirefu zaidi. Alioa mtangazaji mwenzake, na asubuhi huongea pamoja. Mwanasheria alihama mji. Povu alifungua kibanda chake cha kufua na ana wateja wengi. Shangazi miguu ilimshinda, akapumzika, na duka likawa la Dada Pasi. Aliolewa baadaye na fundi saa mjane, mtu asiye na maneno mengi, wakapata mtoto wa kike. Hofu ile humjia mara chache. Hukaa nayo, ikaondoka. Dukani kwake hakuna redio.