Maji ya Nchi ya Wasomali

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Pulchérie. Aliamka kama kawaida, akafagia uwanja, akala kiporo cha ugali kwa ndagaa, akawahi kengele ya shule ya misheni pale Baraka, kando ya ziwa. Hakujua kwamba ulimi wake ungemponza kabla ya saa sita.

Mwalimu Norbert alikuwa akifundisha habari za nchi ya Wasomali, nchi kavu iliyo mbali kaskazini-mashariki, ambayo Waingereza, Waitaliano na Wafaransa waligawana kama nyama ya mnadani. Mvua huko ni haba. Mwaka mwingine hukosekana kabisa.

"Basi watu wanakunywa nini?" aliuliza.

Pulchérie alisimama upesi. "Wanachota baharini, Mwalimu! Umesema pwani yao ni ndefu."

Wengi waliitikia kwa vichwa, maana mtoto wa Baraka akichota ziwani anakunywa. Casimir peke yake alicheka.

"We dada, bahari iko chumvi! Utatapika ndagaa zako zote."

Darasa likaangua kicheko. Aibu ikamshika Pulchérie, naye akajitetea kwa uongo: "Mujomba wangu Alphonse alifika kule na meli. Aliyanywa, iko matamu!"

"Vizuri," Mwalimu akasema polepole. "Ijumaa inspekta anakuja kuchagua watakaoingia darasa la sita. Wewe utaeleza habari za nchi hiyo, na mjomba wako aje atoe ushahidi."

Nafasi za wasichana zilikuwa mbili tu. Wakubwa walikaa mahali wakapanga hivyo, bila kumwuliza mama yeyote kama binti yake ana akili.

Alphonse alikuwa ufukoni akishona nyavu. Alipoelezwa, sindano ikasimama mkononi.

"Mi sijapita Kigoma, mama. Unataka tuchekwe wote wawili mbele ya muzungu? Kinywa kilichoharibu ndicho kitengeneze."

Pulchérie alilia, kisha akajikaza, akaenda kwa Mama Zainabu, muuza chumvi na ubani, ambaye wazazi wake walitoka pwani. "Mama, nifundishe. Mi sijui kitu."

"Keti, mwanangu. Anayesema hivyo ndiye anayefundishika." Akamwekea ubani kiganjani, akamweleza kwamba ni machozi ya mti unaoota kwenye mawe makavu, na Wasomali wameuuza ng'ambo tangu kale. Kesho yake Mwalimu alimwongezea habari za mito miwili, Juba na Shebele, ambako hulimwa ndizi.

Ijumaa alisimama mbele ya inspekta.

"Kwanza ninasahihisha. Mjomba wangu hajafika huko. Nilidanganya kwa sababu nilichekwa."

Akakoroga chumvi katika kikombe cha maji ya ziwa. "Casimir, njoo unywe bahari."

Casimir alipiga funda moja, akatema dirishani. "Ee mama wee!" Inspekta alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Toka hapo Pulchérie hakushikika. Alieleza visima virefu na maziwa ya ngamia, ngozi na ubani. "Msomali anayehama si mzururaji," alisema. "Anafuata shamba lake, na shamba lake ni nyasi."

Inspekta alimtaja wa kwanza. Darasa likalipuka kwa makofi na vigelegele, Casimir akipiga kuliko wote.

"Mumeona, watoto?" alisema Mwalimu Norbert. "Kutojua kunaisha ukiuliza. Lakini uongo mmoja unadai mwingine wa kuulinda, na huo mwingine nao unadai wake. Pulchérie ameshinda kwa sababu alianza na ukweli."

"Kuna mwenye swali?" inspekta aliuliza, kofia tayari mkononi.

Mkono wa Pulchérie ulikuwa juu. Alichouliza kilimfanya inspekta amtazame Mwalimu, Mwalimu naye akatazama dari. Kisha gari la inspekta likaondoka. Wakubwa wamekuja na kupita tangu siku ile, na hakuna hata mmoja aliyemjibu:

"Bwana, Wasomali wanatembea mbali kwa sababu hawana ziwa. Sisi ziwa letu liko pale, halikauki. Mbona bomba la maji limefika nyumbani kwa bwana mkubwa wa serikali, na shuleni halijafika?"