Uzi Mwekundu kwenye Glasi ya Krismasi

Ilikuwa tarehe ishirini na tano Desemba. Asubuhi ilianza na manyunyu, na wingu zito likakaa juu ya mabati kama limegoma kuondoka.

"Usikoroge, wifi!" fundi cherehani alimaka jikoni. "Ukikoroga unaua mapovu."

"Mimi nimezoea kukoroga uji. Haya mambo yenu ya hotelini siyawezi!"

Walicheka. Walikuwa wametoka ibadani, na sebuleni mama mkwe na seremala walikuwa wakingoja mlo wa saa tano. Fundi alipaka ndimu ukingo wa kila glasi, akauchovya kwenye sukari, akatia juisi ya komamanga, kisha akamimina mvinyo wa mapovu taratibu.

Glasi moja tu aliijaza soda badala ya mvinyo. Hiyo ilikuwa ya seremala, mume wake, aliyeacha pombe tangu Pasaka. Kwa macho, glasi zote zilifanana. Akaizungushia shingoni uzi mwekundu. "Bwana, mlinde," aliomba kimoyomoyo, akageukia mayai yaliyokuwa motoni.

Wifi akabeba sinia. Katika nyumba ile nyuzi zilinata kila mahali: kwenye mito, kwenye mkate, hata kwenye ndevu za seremala. Alipouona uzi kwenye glasi, akautoa bila kufikiri, kama alivyozoea, akagawa vinywaji.

Mayai yalikuwa hayajaiva simu ya fundi ilipotetemeka: ujumbe wa mumewe.

"Mke wangu, glasi yangu ilikuwa na mvinyo. Nimeimaliza. Niko uani."

Alimkuta amesimama kwenye manyunyu, shati limelowa.

"Ulijua saa ngapi?"

"Funda la kwanza."

"Ukatema?"

"Sikutema. Nikanywa na ya mama."

Mama mkwe na wifi walikuwa wameshafika mlangoni.

"Kosa langu, kaka!" wifi alilia. "Nilidhani ni uzi wa cherehani!"

"Uzi haukunifungua mdomo, dada."

"Mkwe wangu, msamehe," mama mkwe alisihi. "Leo ni Krismasi."

"Mama, Pasaka nilisema mbele ya mchungaji: akionja tena, hatulali nyumba moja. Alinivunja mkono huu, mama. Wewe ndiye uliyenifunga bandeji."

Mama mkwe akainamisha kichwa.

"Ana haki," seremala alisema. "Nitakwenda leo hii kwa mchungaji, anipeleke kwenye nyumba ya wanaoacha pombe. Nilikuwa naona haya." Akamtazama mkewe. "Nikikuahidi tena, utaniamini?"

"Hapana, mume wangu."

Alisema hivyo polepole, machozi yakimtiririka. Seremala akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Alipotoka na begi, hakuna aliyekuwa ameondoka pale mlangoni.

Uzi mwekundu ulikuwa bado umenata kwenye sketi ya wifi. Fundi akauchukua, akauzungusha kidoleni.

"Ngoja," alimwambia mumewe. "Wewe usiahidi kitu. Leo naahidi mimi. Mama, wifi, mnisikie, na Mungu anisikie: tone la pombe halitaingia tena jikoni kwangu, hata kwa sikukuu. Na siku utakayorudi umeacha kweli, utaikuta glasi yako mezani, na uzi huu shingoni mwake. Nitakungoja."